Namba ya chesi inaanza na 877: Je, Jaguar hii ya wazi ina thamani ya pauni 128,000?

Barua

Ndugu mshauri,

Habari za kazi. Tunaishi Leicester, Uingereza. Mume wangu na mdogo wake wamepata Jaguar E-Type ya wazi ya mwaka 1962, injini ya lita 3.8, rangi nyekundu, viti vya ngozi nyeusi. Muuzaji anataka pauni 128,000. Tangazo linasema ni “mojawapo ya magari 942 tu” ya aina hiyo yenye usukani wa kulia, kwamba “namba zote zinalingana”, na kwamba lilikarabatiwa lote mwaka 2009 kwa pauni 92,000. Faili la risiti ni nene kweli. Tangu hapo limetembea maili 3,400 tu.

Jumamosi tulikwenda kuliona. Linang'aa mpaka unajiona usoni. Injini tuliikuta imeshawashwa, ina moto. Mlango wa dereva ulikataa kufunga mpaka muuzaji alipoubamiza mara mbili. Akasema ni raba mpya. Nilipiga picha kibati cha kwenye chumba cha injini, na namba ya chesi inaanza na 877. Kwenye V5C, ile hati ya usajili wa gari, imeandikwa gari lilisajiliwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Cheti cha kiwandani anasema kiko njiani. Anataka amana ya pauni 5,000 isiyorudishwa kabla ya Ijumaa kwa kuwa kuna mnunuzi mwingine.

Fedha zenyewe ni za mirathi ya baba yao, na hawa ndugu wawili hawana nyingine. Tutajuaje kama bei hiyo ni halali yake?

Mama Salma, Leicester

Jibu

Mama Salma, amana hiyo msiitoe. Ile picha uliyopiga ya kibati imeshaonesha kwamba neno kubwa kuliko yote katika tangazo si la kweli.

E-Type ilizinduliwa Geneva mwezi Machi 1961 na ikaundwa Coventry, hapo jirani yenu. Kiwanda kiligawa namba za chesi kwa aina ya bodi na upande wa usukani. Kwa magari ya lita 3.8, ya wazi yenye usukani wa kulia yalianzia 850001. Ya wazi yenye usukani wa kushoto yalianzia 875001. Yenye paa gumu yalianzia 860001 kwa usukani wa kulia na 885001 kwa usukani wa kushoto. Kwa hiyo gari lenye namba ya 877 lilizaliwa la wazi, na hilo ni jema, kwa kuwa yapo yaliyozaliwa na paa gumu yakakatwa baadaye. Lakini lilizaliwa na usukani wa kushoto. Usukani umehamishwa, na usajili wa 1990 unakubaliana na hilo: kuna uwezekano mkubwa kwamba gari liliuzwa nje, mara nyingi Marekani, likarudishwa Uingereza likiwa na umri wa karibu miaka 28.

Hesabu ya 942 ni sahihi, ila si ya gari hili. Ya usukani wa kushoto, katika E-Type za wazi za lita 3.8, yalitengenezwa 6,885. Ni zaidi ya mara saba. Huko Uingereza gari lililozaliwa na usukani wa kulia hulipiwa zaidi kuliko lililogeuzwa, hata yakisimama bega kwa bega yanang'aa sawasawa. Huenda muuzaji mwenyewe alidanganywa aliponunua, na hatuna sababu ya kumwita tapeli. Ila bei yake imejengwa juu ya namba 942, na msingi huo haupo.

Gari lililogeuzwa si gari baya. E-Type hubadilishika vizuri, na likifanyiwa kazi safi huoni tofauti ukiliendesha. Fundi wenu aangalie kama reki ya usukani ni ya upande wa kulia kweli, kama sehemu ya pedali imefungwa kwa bolti na vibati vyake au imeungwaungwa kwa kulehemu, kama dashibodi ni ya upande huo au ni ya zamani iliyokatwa na kugeuzwa, na kama taa za mbele humulika ukingo wa kushoto wa barabara badala ya kuwapiga usoni wanaokuja.

Sasa hilo la “namba zote zinalingana”. Muulizeni: zinalingana na nini? Wauzaji wengi humaanisha kwamba namba za kwenye gari zinafanana na za V5C. Hilo halithibitishi kitu, maana V5C hufuata kile mwenye gari alichowahi kuripoti. Kinachotakiwa ni namba nne, ya chesi, ya injini, ya bodi na ya giaboksi, zilingane na kumbukumbu za kiwanda. Kumbukumbu hizo zinatunzwa na mfuko wa urithi wa Jaguar na Daimler, ambao hutoa cheti kinachoonesha namba hizo pamoja na rangi ya kwanza, tarehe gari lilipotengenezwa na wakala aliyepelekewa. Cheti huombwa na mwenye gari kwa kuonesha uthibitisho kwamba ni lake, kwa hiyo kazi hiyo ni ya muuzaji, si yenu. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na pauni 128,000. Mtu anayeuza kwa bei hiyo bila cheti mkononi ama hajajishughulisha, ama anajua kitakachosomeka.

Cheti kikifika, msilinganishe na kibati mlichokipiga picha. Kibati hubanduliwa na kubandikwa kingine kwa dakika tano. Namba ya chesi yenyewe imegongwa kwenye fremu ya mbele, upande wa kulia, juu ya pale shokomzoba inapofungwa. Chukueni tochi na kitambaa. Tafuteni herufi zilizogongwa moja moja kwa mkono: hazijapangika kikamilifu, na kina chake kinapishana kidogo. Chuma kinachozizunguka kiwe na uso uleule wa sehemu nyingine za fremu. Mkiona mikwaruzo ya grinda, au rangi nene iliyojaa ndani ya tarakimu, au pamepungua unene, simamisheni mambo mpaka mpate maelezo. Fremu hiyo hufungwa kwa bolti, na nyingi zimeshabadilishwa kwa sababu ya kutu, kwa hiyo fremu mpya peke yake si kosa. Karakana ya kuaminika hubakiza kile kipande cha zamani chenye namba, au walau picha zake kabla na baada. Ombeni kimojawapo.

Namba ya injini imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa kulia, juu ya chujio la oili, na tena mbele ya silenda hedi. Kwa E-Type ya 1962 inaanza na R na kuishia na kistari na tarakimu ya uwiano wa mgandamizo wa injini, mara nyingi 9 au 8. Mkikuta ZA, hiyo injini imetoka kwenye Jaguar Mark X, gari kubwa la milango minne. Inafanya kazi, ila si ya E-Type. Namba ya bodi ya gari la wazi nayo huanza na R. Ya paa gumu huanza na V. Giaboksi ya lita 3.8 huwa na EB. Gari lisilo na injini yake ya kuzaliwa hushuka bei sana. Giaboksi ikibadilishwa kwa yenye gia tano hasara ni ndogo, mradi ile ya zamani iwepo na ije pamoja na gari.

Tukija kwenye bodi, hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo hapa msiwe na haraka.

E-Type haina chesi kamili chini yake kama lori. Bodi yenyewe, kuanzia ukuta wa nyuma ya injini hadi buti, ndiyo inayobeba kila kitu, na mbele yake zimefungwa fremu za mabomba membamba zinazoshika injini. Gari la wazi halina paa la kusaidia, kwa hiyo nguvu karibu yote iko kwenye vile vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Vikioza, bodi hulegea katikati. Na hata vikibadilishwa, fundi asipoifunga bodi kwa vyuma vya kuishikilia kabla ya kukata vile vya zamani, bodi hujikunja kidogo, halafu vizingiti vipya hulehemewa na kuigandisha ikiwa imepinda. Rangi itafunika yote hayo. Mlango hautafunika.

Ndiyo maana ule mlango uliobamizwa mara mbili unastahili muda kuliko mng'ao wote. Upo uwezekano wa aina tatu. Kwanza, kweli ni raba mpya: mwanya unaozunguka mlango ni sawa pande zote, mlango unarudi nyuma kama springi, na ukiusukuma kwa kiganja unaingia bila kugusa chuma. Hilo halina neno. Pili, bawaba zimelika: fungua mlango nusu, ushike mwishoni, uunyanyue, ukipanda kabla bawaba haijashika, ni pini zimeisha. Hilo hurekebishika. Tatu, bodi imelegea au imepinda: mwanya wa nyuma ya mlango ni mwembamba juu na mpana chini, na ulimi wa kitasa una alama ya kusuguana na kipokeo chake. Kulitambua hili la tatu, fundi ainue upande mmoja wa gari kwa jeki kwenye sehemu yake rasmi ya kuinulia, magurudumu yakiacha tu kugusa sakafu, kisha afungue na kufunga mlango. Bodi iliyo imara haibadiliki; mwanya ule ule, sauti ile ile. Bodi dhaifu huubana mlango hapo hapo. Ikitokea hivyo, kinachosubiriwa ni kuvua rangi, kukata vizingiti na kuanza upya, na bei ya gari zuri haiwahusu tena.

Wakati gari liko juu, aangalie pale mikono ya ekseli ya nyuma inaposhikana na sakafu, upande wa kulia na wa kushoto. Hapo pana mkazo mkubwa na pia pananasa maji na matope. Kiraka kilichobandikwa juu ya kiraka mahali hapo si cha kuvumilia. Mabomba ya fremu ya mbele ni ya chuma maalumu cha Reynolds 531 kilichounganishwa kwa shaba, na hushika kutu kwa ndani. Bomba lililolehemewa kwa umeme kama geti la nyumbani limedhoofishwa pembeni mwa ule mshono. Fremu mpya hupatikana, lakini kuzifunga ni kushusha injini na boneti, na boneti ya E-Type, ambayo ndiyo pua yote ya gari, kuipanga upya mpaka mianya ilingane huchukua siku kadhaa za fundi mzoefu.

Halafu apitishe kipimo cha unene wa rangi mwili mzima. Rangi nzuri ya ukarabati huwa kwenye maikroni 200 hadi 400. Kipimo kikipanda ghafla na kupita 1,000 sehemu moja, chini yake kuna puti, na puti imefunika kitu. Azingatie sehemu za chini za milango, kingo za matao ya magurudumu ya nyuma, na mdomo wa chini wa boneti.

Injini ya moto mliyoikuta Jumamosi haikuwa heshima kwa wageni. Injini iliyopashwa huficha moshi wa kuwasha asubuhi, ubishi wa kuwaka, na kelele za cheni ya taimingi. Safari ijayo mwambieni mapema kwamba mnataka kuikuta baridi, na mkifika wekeni mkono kwenye silenda hedi kabla hajagusa ufunguo. Ikiwaka, mmoja asimame nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu unaokatika baada ya sekunde chache ni wa kawaida. Unaoendelea ukikanyaga mafuta ni wa pete za pistoni. Mlio wa cheni ya juu hurekebishika injini ikiwa mahali pake. Mlio wa cheni ya chini ni kushusha injini nzima. Baada ya kuendesha nusu saa, oili ikiwa na moto, shinikizo lake liwe karibu psi 40 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Mita ya kwenye dashibodi ni ya umeme na hudanganya, tena mara nyingi kwa kusoma chini, kwa hiyo fundi afunge mita ya mkono.

Gia ya kwanza itakwaruza mkiiingiza gari likitembea, na itavuma. Ndivyo giaboksi ya lita 3.8 ilivyoumbwa, msiombe punguzo kwa hilo, muuzaji anayejua atawaona wageni. Ombeni punguzo kwa klachi inayoteleza, maana kuibadilisha ni kutoa boneti, injini na giaboksi pamoja, saa zisizopungua 20 za kazi. Vivyo hivyo breki za nyuma: diski zake hazipo kwenye magurudumu, zipo ndani, ubavuni mwa difu. Sili za difu zikivuja, oili hurushwa kwenye diski na breki hupotea. Kuzifikia ipasavyo hushushwa ekseli yote ya nyuma.

Maili 3,400 tangu 2009 yanasikika matamu, na ndiyo yanayotutia wasiwasi. Haifiki hata maili 300 kwa mwaka. Gari lililosimama hukausha sili, hukwamisha pistoni za breki, na hugeuza mafuta ya kabureta kuwa gundi. Someni tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwanda iliyo ubavuni mwa kila tairi: mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Mbili za mwisho zikisoma 09 au 10, tairi zote ni za kubadilisha hata kama kashata zake ni nzima.

Faili nene la risiti lifungueni ukurasa kwa ukurasa. Risiti inayosema tu “kazi ya bodi, pauni 30,000” haina msaada. Yenye saa za kazi, vizingiti vya pande zote mbili, sakafu, saizi ya pistoni na beringi za injini, na picha za bodi ikiwa chuma kitupu huku namba ya chesi ikionekana, hiyo ndiyo inayoongeza thamani. Ile jumla ya pauni 92,000 haiongezi kitu yenyewe. Ni fedha aliyotumia mtu mwingine zamani, na zingeweza kutumika vibaya. Kitu kidogo cha kuangalia ndani: gari la 1962 linatakiwa kuwa na bamba la alumini lenye vidoto katikati ya dashibodi na kwenye kibweta kinachozunguka mkono wa gia. Likiwa jeusi, aliyekarabati alitumia vifaa vya miaka ya baadaye, na huenda hakuwa makini kwingine.

Bei mtaipata hivi. Kusanyeni matokeo ya minada ya Uingereza ya miezi 18 iliyopita, ya E-Type za wazi za lita 3.8 zilizogeuzwa usukani, zilizokarabatiwa, zenye injini zake. Msichukue bei za matangazo. Hizo ni matumaini ya wenye magari. Angalieni pia kama matokeo yamejumlisha kamisheni ya mnada. Mkipata tano au sita, toeni la juu kabisa na la chini kabisa, chukueni la katikati. Kutoka hapo toeni kila kasoro kwa saa za kazi na vifaa. Tuseme karakana inatoza pauni 80 kwa saa: klachi ya saa 20 ni pauni 1,600 kabla ya vifaa, ekseli ya nyuma ya saa 25 ni pauni 2,000 kabla ya vifaa. Kukosa injini yake, au bodi iliyopinda, hakutolewi kwa saa. Mkikuta mojawapo, achaneni na gari hili.

Mkaguzi wa kujitegemea anayezijua E-Type atawagharimu mia kadhaa za pauni. Asichaguliwe na muuzaji, wala asiwe na uhusiano na karakana iliyokarabati. Wakati mnamsubiri, angalieni bure kumbukumbu za MOT, ule ukaguzi wa usalama wa gari wa kila mwaka, kwenye tovuti ya serikali. Zinarudi hadi 2005 na zinaonesha maili na kasoro za kila mwaka. Magari yaliyopita miaka 40 kwa kawaida hayalazimiki kukaguliwa tena, kwa hiyo mwombeni muuzaji alipeleke kwa hiari. Hifadhini nakala ya tangazo lile lenye maneno “942 tu”. Kama anauza kibiashara, sheria ya haki za walaji ya 2015 inamtaka auze kitu kinachofanana na maelezo yake.

Na kwa kuwa fedha ni za ndugu wawili: V5C haithibitishi umiliki, inamtaja tu anayetunza gari. Risiti ya kununulia iandikwe majina yote mawili na kiasi alichotoa kila mmoja, na bima iwe ya thamani iliyokubaliwa kwa maandishi.

Leo jioni mume wako amtumie muuzaji ujumbe kama huu:

“Habari. Bado tunalitaka gari. Namba ya chesi 877 ni ya usukani wa kushoto, kwa hiyo bei tutaizungumza upya kwa msingi huo. Tunaomba cheti cha kiwanda chenye namba nne, picha za ukarabati za mwaka 2009, na siku ya kuleta mkaguzi wetu injini ikiwa baridi. Tuko tayari kutoa amana ya pauni 1,000 itakayorudishwa yote iwapo cheti au ukaguzi utatofautiana na tangazo, na tungependa hilo liwe kwa maandishi.”